Mrejesho: kibanda cha supu Upanga ambako Hall of Fame ya besiboli inapigiwa kura kwenye kopo la Blue Band

Wakuu, kwa wale mnaoulizaga wapi pa kunywa supu ya maana mjini Jumamosi asubuhi bila kusikiliza Simba na Yanga mpaka masikio yaume, kuna sehemu nataka niwape. Ni kibanda tu, kipo Upanga upande wa Azania Sekondari, ukishuka mwendokasi kituo cha Fire unashika Umoja wa Mataifa kwa miguu, mbele huko unakuta mwarobaini mkubwa, mabenchi, sufuria tatu na moshi. Bango hakina, na mama mwenyewe ukimuuliza jina la biashara anakwambia we sema kwa Mama Supu utafika, sasa Dar hii kina Mama Supu wako wangapi, ndo maana naelekeza kwa mti.

Nianze na chakula maana ndo mnachotaka wengi. Supu ya makongoro buku nne, ya utumbo buku tatu, na ukweli usemwe makongoro ya pale yameiva mpaka yanateleza kwenye mfupa lakini mchuzi haujageuka uji, ndimu unapewa nzima sio kile kipande kilichokamuliwa na mteja wa kabla yako, pilipili ni mbuzi imepondwa na chumvi tu basi, haina mbwembwe za nyanya. Chapati jero, nene kiasi, kama umezoea zile laini za kukunjika hautazipenda. Chai ya tangawizi inawasha koo kwelikweli. Supu ya kuku wa kienyeji ndo inasifiwa na kila mtu ila ikifika saa tatu imeisha, mimi naionaga kwenye bakuli za wenzangu. Anayehudumia ni dada mmoja kwa benchi zote, anashika oda za watu kichwani bila kuandika popote na hakosei, ila ukimpa noti ya elfu kumi atakuangalia kama umemtukana.

Sasa supu peke yake isingenitoa Tabata asubuhi yote hiyo. Kinachonitoa ni ubishi wa nani anastahili kuingia Hall of Fame, ule Ukumbi wa magwiji wa besiboli ya Marekani.

Azania si ndo penye uwanja wa besiboli, ule uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, kwahiyo Jumamosi vijana wakimaliza mazoezi wanamiminika pale na glovu zao begani, vumbi mpaka kwenye kope, na wanawakuta wazee wawili watatu washakaa zamani. Mmoja ni baharia mstaafu ambae meli ilimzungusha bandari za Marekani miaka hiyo akaupenda huo mchezo kwa kusikiliza redio, ukimuamkia shikamoo mzee anaitikia marahaba alafu hapohapo anakuuliza, Bonds aingie asiingie? Yaani hata hujakaa. Kuna walimu, kuna madereva wa bajaji ambao besiboli wameijulia hapohapo benchini, kuna jamaa anauza vifaa vya simu Kariakoo ambae takwimu anazo kichwani kuliko hao wanaocheza.

Kwa asiyejua tuweke sawa kidogo. Hall of Fame yenyewe iko Cooperstown, kijiji tu huko jimbo la New York, jumba lilifunguliwa 1939 ingawa wa kwanza walichaguliwa 1936, kina Babe Ruth na Ty Cobb. Wapiga kura ni waandishi wa besiboli waliotimiza miaka 10 kwenye chama chao. Mchezaji awe amecheza misimu 10 na amestaafu miaka 5, kila mwandishi anaandika majina yasiyozidi 10, ukifikisha asilimia 75 umeingia, ukipata chini ya 5 umefutwa, na ukikaa kwenye karatasi miaka 10 hujafikisha basi kwa waandishi imetoka hiyo, unabaki kusubiri huruma ya kamati ya watu 16 ambako unatakiwa upate kura 12.

Kibanda kimenakili sheria hizo hizo, zimeandikwa kwa maka peni kwenye ubavu wa boksi la maji limepigiliwa kwenye mti, na kila baada ya muda fulani wanapiga kura kweli, vikaratasi vya daftari la hesabu, unakunja unatumbukiza kwenye kopo la Blue Band lililotobolewa mfuniko. Alafu wameongeza sheria mbili zao. Moja, ukitaka kumtetea wa kumi na moja utaje kwanza unamtoa nani. Mbili, marufuku kumtaja Harold Baines. Hii ya pili ndo iliyonifanya niwapende hawa watu. Baines alikuwa mchezaji mzuri tu, mipigo 2,866, lakini kwa waandishi hakuwahi kufika hata asilimia 7, kamati ikamuingiza 2019 watu wakabaki midomo wazi, na tangu hapo kila mwenye mchezaji wake wa kati anakuja na hoja kwamba mbona Baines yumo. Ukiiruhusu hoja hiyo unamaliza ubishi, maana itabidi waingie nusu ya waliowahi kushika gongo. Pale ukiitoa unanunulia watu chai.

Niliyemkuta anaongea siku hiyo ni baharia na alikuwa kwa Barry Bonds kama kawaida yake. Homu rani, yaani mipira aliyoipiga ikatoka nje ya uwanja, 762, hakuna aliyewahi kufika, msimu wa 2001 peke yake 73, MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, mara 7. Dogo mmoja akamkatisha, mzee samahani lakini huyo si alikuwa anatumia madawa ya kuongeza nguvu. Mzee akaweka kijiko chini. Akamwambia mjukuu wangu, hayo madawa wanayomtuhumu nayo yanahesabiwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90, sasa 1998 inaisha huyu mtu ana MVP 3 tayari, ana homu rani zaidi ya 400 na ameiba besi, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, zaidi ya 400, mtu mwingine mwenye 400 mbili hayupo mpaka leo, hizo alipewa na sindano gani? Alafu akaleta ile ya Mei 1998 ambayo mimi nilikuwa siijui nikaenda kuitafuta usiku nikakuta ni kweli tupu, Arizona wanaongoza 8 kwa 6, iningi ya tisa ambayo ndo ya mwisho, besi zote tatu zimejaa wenzake, anakuja Bonds, na kocha wa Arizona anaagiza apewe besi ya bure makusudi ili aingize pointi moja tu badala ya kumrushia mpira. Yaani ni kama kipa aambiwe jifunge moja ili yule jamaa asikufunge manne. Na Arizona wakashinda 8 kwa 7!

Mimi niko upande wa mzee na nina sababu zangu. Ligi ilianza kupima 2003 na hata hapo ilikuwa majaribio ya siri, adhabu zikaja baadae. Bud Selig aliyekuwa kamishna, yaani mkuu wa ligi, kipindi chote hicho, mipira inaruka nje, viwanja vinajaa, hela inaingia, yeye yumo Cooperstown tangu 2017. Na 2022, siku ileile Bonds anamaliza mwaka wake wa 10 na asilimia 66 na mrushaji Roger Clemens na 65.2, aliyeingia ni David Ortiz, mwaka wake wa kwanza, wakati na yeye jina lake liliripotiwa kwenye ile orodha ya waliokutwa na madawa kwenye vipimo vya 2003. Ortiz nampenda sana, sisemi atolewe, kamishna aliyemfuata Selig, Rob Manfred, alishasema vile vipimo havikuwa vya kuaminika mia kwa mia. Ila basi kipimo kiwe kimoja. Clemens ana Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 7, saba jamani, kesi ya kudanganya bunge la Marekani kuhusu hayo madawa alishinda 2012, mnataka nini tena.

Ninapokata mimi mstari ni kwa kina Alex Rodriguez na Manny Ramirez. Hao sheria ilishakuwepo imeandikwa, adhabu zinajulikana, Rodriguez akakaa nje msimu mzima wa 2014 na Manny alifungiwa mara mbili. Homu rani 696 na 555 ni nyingi lakini mtu anayeona kibao cha marufuku alafu anapita hatuwezi kumuweka kundi moja na aliyepita kabla kibao hakijawekwa. Jamaa wa Kariakoo hakukubaliana, yeye anasema Rodriguez alishalipa, mtu akimaliza kifungo unamfunga tena? Tulibishana mpaka mchuzi wangu ukagandia mafuta juu.

Kwa upande wa kamati mambo ni magumu zaidi. Desemba 2025 walikaa, wakamuingiza Jeff Kent, Bonds na Clemens hawakupata hata kura 5 kati ya 16, na kwa utaratibu mpya aliyekosa hizo 5 anarukwa awamu inayofuata, kwahiyo wao mpaka 2031, na wakikosa tena ndo wamefungiwa jumla. Kent! Yule aliyekuwa anapiga mbele ya Bonds au nyuma yake San Francisco huku wawili hao wanagombana kila siku. Mzee alivyoisikia hiyo alisema neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

Pete Rose ndo aliyenichekesha. Mipigo 4,256, ndo kinara wa muda wote, akafungiwa maisha 1989 kwa kubeti mechi mpaka za timu yake mwenyewe akiwa meneja wa Cincinnati. Sasa nikaangalia benchi. Watu wanamjadili Rose kuhusu maadili ya kubeti na kila mtu ana mkeka mfukoni, mmoja anamsema vibaya kabisa huku kidole kiko kwenye simu anaongeza mechi ya jioni. Nikauliza mbona mnamhukumu mwenzenu, wakacheka, ila dereva mmoja wa bajaji akajibu kitu cha maana, akasema kaka mimi nikibeti mkeka ukichanika nimelia mwenyewe, lakini meneja akibeti ndo anayeamua nani arushe mpira leo na nani apumzike, na siku ambayo hajaweka hela je, anaisimamia timu ileile kwa moyo uleule? Kwangu ilikata mzizi. Rose alifariki Septemba 2024, Mei 2025 kamishna Manfred akaondoa kifungo kwa waliokwisha kufa, yeye pamoja na mchezaji wa zamani Shoeless Joe Jackson, kwahiyo kamati inaweza kumjadili Desemba 2027. Mimi kura yangu hapati, na najua mtanitukana. Akiwekwa sitaandamana pia.

Vijana wao kila wakipewa karatasi jina la kwanza ni Ichiro, Mjapani aliyetamba Marekani, hata kama ameshaingia. Nawaelewa, mchezo wameletewa na Wajapani. Kaingia 2025 na kura 393 kati ya 394, na huyo mmoja aliyemnyima hajajitokeza mpaka leo. Kuna dogo anaigiza ule mkao wake, mkono wa kulia ameunyoosha na gongo limesimama wima, mkono mwingine unavuta bega la shati, katikati ya mabenchi, nusura amwage sufuria ya utumbo. Mama akamfukuza na mwiko.

Andruw Jones na Carlos Beltrán walivyoingia Januari 2026 wengi walifurahi, na hapo ndo nikajua kibanda hiki wana subira maana Jones walikuwa wanamtetea tangu alipoanza na asilimia 7.3 mwaka 2018, mtu ana Gold Glove, tuzo ya udakaji bora, 10 mfululizo na homu rani 434, alafu ndo kwanza anachungulia shimo la kufutwa. Beltrán na mambo ya timu ya Houston ya 2017 ya kuiba ishara za wapinzani ili kujua mpira gani unarushwa, mimi nilimeza shingo upande.

Sasa nifike kwa wangu. Kila kura karatasi yangu inaanza na Curt Flood na kila kura naangushwa, hivyo naomba mnisikilize nyie.

Flood alicheza timu ya St. Louis miaka 12, Gold Glove 7 mfululizo, mataji 2 ya 1964 na 1967. Oktoba 1969 akaambiwa kwa simu kwamba ameuzwa Philadelphia. Wakati huo mikataba ya besiboli ilikuwa na kipengele kwamba mkataba ukiisha timu inaurefusha yenyewe, ukiisha tena inaurefusha tena, mchezaji anaenda anakopelekwa au anaacha mpira, hakuna cha tatu. Kwa tuliofuatilia sakata la Feisal na Yanga kabla hajaenda Azam tunajua mchezaji akitaka kuondoka makelele yanavyokuwa, lakini pale angalau kulikuwa na mkataba wa kuvunja na vikao vya kwenda. Kwa Flood hakukuwa na pa kwenda. Desemba ya mwaka uleule akamwandikia kamishna kukataa, Januari 1970 akaifungulia ligi kesi. Msimu mzima wa 1970 hakucheza, na alikuwa analipwa vizuri, hela za kuacha maswali nyumbani. Mahakamani gwiji mstaafu Jackie Robinson alikwenda kumtolea ushahidi, lakini katika wachezaji waliokuwa bado uwanjani hakwenda hata mmoja. Hata mmoja! 1971 akajaribu kurudi na Washington, mechi 13, akaondoka. Juni 1972 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikamwangusha kwa majaji 5 kwa 3.

Miaka mitatu baadae, Desemba 1975, msuluhishi akawafungulia wachezaji wengine wawili mlango uleule aliokuwa anaugonga. Mchezaji Juan Soto alivyosaini na timu ya Mets Desemba 2024 dola milioni 765 kwa miaka 15, ile haki ya kukaa mezani na kuchagua timu ndo ileile Flood alipoteza kazi akiidai. Alifariki Januari 1997, na 1998 bunge lao likapitisha sheria yenye jina lake. Sheria anayo, sanamu ukutani Cooperstown hana.

Jamaa wa Kariakoo anasema takwimu zake hazitoshi, wastani wa kupiga .293 bila nguvu ya homu rani, na kwamba Ukumbi ni wa wachezaji sio wa mahakamani. Nikamwambia Buck O'Neil je, yule wa Negro Leagues, ligi za weusi enzi za ubaguzi, aliyeingia 2022 kwa kazi ya maisha yake yote, sio kwa gongo peke yake? Akaniambia ndio, na O'Neil walimsubirisha mpaka akafa 2006, kwahiyo wewe unataka niwasifu? Hapo alinibana kidogo. Ila kura hakunipa.

Matokeo ya siku hiyo kwa mnaotaka kujua, Bonds alipita vizuri, Clemens alipita kwa tundu la sindano baada ya karatasi moja kurudiwa kusomwa maana mwandiko ulikuwa wa daktari, Rose alibaki nje, Flood wangu hakufika nusu. Anayehesabu ni mama mwenyewe kwa sababu ndo pekee asiye na upande, anasoma jina kwa sauti, Bondi, Bondi, Klemensi, huku anageuza chapati kwa mkono mwingine.

Kasoro ninazo. Benchi la upande wa barabara mguu mmoja mfupi, ukikaa na mtu mnene ujue utamwagikiwa. Choo mpaka uombe kwa jirani. Runinga ipo ndogo ila Yanga wakicheza inawekwa Yanga na hapo hata Babe Ruth afufuke hasikilizwi. Mechi zenyewe za Marekani za jioni kwao huku ni saa nane usiku kwahiyo msitegemee kuangalia laivu, watu wanakuja na vipande vya kwenye simu, na bando ni lako mwenyewe. Alafu wakishaanza kubishana kuhusu warushaji wa miaka ya 30, eti mrushaji wa Negro Leagues Satchel Paige angekuwa kijana leo ingekuwaje, mgeni unaweza ukapotea kabisa, omba dogo wa pembeni akuelezee, wanapenda kuelezea.

Kwa nyota nampa supu 4 kati ya 5, mazingira 2, ubishi 5. Ukienda na familia kaa benchi la ndani ya kivuli, watoto watapewa glovu kuchezea. Nenda kabla ya saa mbili na nusu kama unataka kuku. Malipo kwa simu wanapokea, ila makato ya kutolea unaongeza mwenyewe, msije mkaanza kugombana na dada wa watu.